Jino la mtoto likiuma, uliza kwanza kama linaokoleka

Mtoto wa miaka 10 amekesha akilia kwa gego la chini. Kwa familia ya Arash, kwenda hospitali Wasso ni nauli na siku nzima ya kazi, hivyo wengi hufika wakiwa wameshaamua: ling'olewe, yaishe.

Mzazi, subiri kidogo. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wengi hudhani nalo ni la utoto. Likishang'olewa, halioti jingine.

Tobo likifika kwenye kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu, kuziba kwa kawaida hakutoshi. Hapo inahitajika tiba ya mzizi wa jino. Daktari hupiga picha ya eksirei, huchoma sindano ya ganzi, hutoboa jino kwa juu, hutoa kiini kilichooza, husafisha mifereji ya mizizi kwa dawa, kisha huijaza na kuziba. Ganzi ikishika, mtoto husikia kusukumwasukumwa tu. Akiumia, ainue mkono aongezewe. Siku chache baadaye jino huweza kuuma kidogo wakati wa kutafuna.

Tiba huweza kuchukua safari 1 hadi 3. Baadaye gego mara nyingi huvalishwa kofia ili lisipasuke. Kwa mtoto wa miaka 7 au 8 mizizi bado haijakomaa, hivyo daktari anaweza kuchagua tiba tofauti.

Si kila hospitali ina huduma hii, kwa hiyo kabla ya kukubali kung'oa, uliza: Jino linaokoleka? Kama tiba haipo hapa, naweza kupewa rufaa kwenda Arusha? Nitarudi mara ngapi? Gharama yote ni kiasi gani pamoja na kofia, na bima inalipia?

Kama jino limeharibika mno, au safari hizo hazimudiki, kung'oa si kosa. Kosa ni kuendelea kumpa dawa za maumivu huku usaha ukibaki ndani.

Shavu likivimba na homa ikapanda, au mtoto akishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hiyo ni dharura. Usingoje gari la kesho.