KLABU ZA BUSAA ZINAKWISHA



Wengine wenu mtashangaa kuona gazeti la chama linaandika habari za nyumba za pombe. Chama hakimhimizi mtu kulewa. Wengi wetu tulisoma shule za misheni, tukafundishwa kwamba pombe ni adui, na walioshika mafundisho hayo mpaka leo tunawaheshimu. Lakini nyumba ni nyumba, na hizi zinazobomolewa Kitale na Bungoma zilikuwa zetu.

Wazungu wa Trans Nzoia walijijengea Kitale Club, nayo ipo hata leo pamoja na uwanja wake wa gofu. Hapo pana duara la mawe, na watu husema watumwa walifungiwa humo zamani za misafara. Mgeni akija, huonyeshwa. Zamani Mwafrika hakuingia pale ila kwa kubeba sahani. Na bia ya chupa sheria ilimkataza mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Basi reli ilipofika Kitale mwaka 1926 kwa njia ya Leseru, wapakia mahindi, watia makaa na watengeneza njia wangekaa wapi jioni? Walikaa penye busaa.

Klabu ya busaa haikuwa nyumba ya fahari. Mabati juu, mabenchi marefu, sakafu ya saruji au ya udongo, mlango wazi. Akina mama walikanda unga wa mahindi, wakauacha uchachuke, wakaukaanga, wakatia kimea cha wimbi, kisha wakachuja. Upande wa Bungoma wazee walizunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu, na kila mtu alijua nafasi yake ya kukaa. Hapo Mbukusu, Mteso, Mjaluo na Mkikuyu walisikilizana. Mtu mgeni aliuliza habari za kazi. Aliyefiwa alichangiwa. Na karani wa chama aliyetaka michango ya mwezi hakuhitaji kuzunguka landi yote. Alijua watu wako wapi.

Nani aliziua? Kwanza ni amri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Rais Moi ilipiga marufuku pombe za kienyeji, na klabu zikafungwa. Mwaka 1980 ikaja sheria ya kukataza chang'aa. Sasa tuseme wazi: busaa na chang'aa si kitu kimoja, lakini zilihukumiwa pamoja. Je, watu waliacha kunywa? Hawakuacha. Walihama kutoka nyumba yenye mlango wazi wakaingia vichochoroni, ambako hakuna ajuaye kilichotiwa ndani ya mtungi. Mwaka 2000 huko Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya sumu. Sheria ya mwaka 2010 ilifuta ile ya 1980, lakini miaka 30 ilikuwa imepita. Mabati yalikuwa yameota kutu, na nyumba nyingi zilikuwa zimegeuka ghala au kanisa. (Makanisa hatuyasemi vibaya. Angalau kuta zimebaki.)

Pili ni reli yenyewe. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na baadaye treni za abiria za Kitale zikakoma. Baa na hoteli zilizokuwa karibu na stesheni ziliishi kwa abiria. Abiria alipopanda matatu, zikalala njaa. Wenzetu wa Webuye waliona jambo hilo hilo Panpaper ilipofungwa mwaka 2009. Mshahara ukikatika, kaunta hukauka.

Hapa panakuja neno gumu. Mwaka 2006 mali nyingi za reli zilitiwa katika mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Wazee wetu wanadai pensheni, nasi hatuwezi kuwaambia wangoje kwa sababu ya kuta kuukuu. Lakini tuliona Muthurwa, ambako wapangaji walitaka kutolewa katika nyumba za reli, mpaka Mahakama Kuu ikasema mwaka 2013 kwamba haki zao zilivunjwa. Kiwanja kikiuzwa kimya kimya, mwanachama hupata habari siku tingatinga linapofika. Tunataka tuulizwe kwanza.

Hatuombi kila kibanda kihifadhiwe. Tunaomba nyumba moja Kitale na moja Bungoma, basi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo kulindwa, nayo haisemi lazima liwe la bwana mkubwa. Makumbusho ya Kitale yako hapo hapo mjini tangu 1974. Leseni za pombe sasa hutolewa na kaunti, kwa hiyo kaunti nazo ziandikiwe: klabu safi yenye madirisha ipewe leseni kabla ya chumba cha gizani.

Aliye na picha ya zamani, kadi ya klabu, au mzazi anayekumbuka nyumba ilisimama wapi na ni nani aliyepika humo, ampelekee katibu wa tawi lake. Picha zitanakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe. Wa Bungoma wafanye haraka zaidi, kwa maana wazee wanaojua ni wachache.