Homa ya Leo, Mbu wa Wiki Zilizopita

Malaria ya kuku haimwambukizi binadamu. Hata hivyo, mhudumu wa afya anayeipuuza kwa sababu hiyo hujinyima somo lenye faida kwa mgonjwa aliye mbele yake.

Kimelea kiitwacho Plasmodium gallinaceum huwashambulia kuku, na vifaranga huathirika vibaya. Ndani ya chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa ndege ina kiini, kimelea huanza kikiwa na umbo la pete. Hujilisha himoglobini, hukua, kisha hugawanyika na kuzaa vimelea vichanga vingi. Kila baada ya saa 36 hivi chembe hupasuka, na vimelea hivyo huvamia chembe nyingine.

Mwaka 1937, watafiti James na Tate walionyesha kwamba kimelea hicho hukua pia nje ya chembe nyekundu, katika seli za kuta za mishipa midogo kabisa ya damu, hata ile ya ubongo. Swali likazuka: je, kwa binadamu nako hujificha wapi? Mwaka 1948 Shortt na Garnham, huyu wa pili akiwa amefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, walipata jibu: katika ini.

Humo kwenye ini vimelea huzaliana kimyakimya. Mgonjwa hana homa, wala kipimo cha damu hakivioni. Homa huanza vinapoingia katika damu na kupasua chembe. Kwa Plasmodium falciparum, iliyoenea mno Afrika Mashariki, tangu kuumwa na mbu hadi kuugua hupita kwa kawaida wiki moja hadi mbili, na pengine zaidi.

Kwa maoni yangu, hatulitumii somo hili ipasavyo. Mgonjwa husema, “Jana niliumwa na mbu, leo nina malaria,” nasi tunanyamaza. Mbu wa jana hana hatia. La hatari zaidi ni kumpima mtoto wa mjini au wa nyanda za juu kwa magonjwa mengine tu, ilhali wiki mbili zilizopita alikuwa likizo kwa bibi yake kando ya ziwa.

Wahudumu wenzangu, kila homa na iulizwe: “Mwezi huu uliopita ulilala wapi?” Kisha pimeni. Nawe mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Taja safari yako mwenyewe. Swali hilo halina gharama, bali kuchelewa kwa tiba ya malaria kali huweza kugharimu uhai.