Mavumbi ya Likasi yapimwe hewani, si katika mkojo wa watoto

Kuanzia mwezi wa tano, mvua ikishakatika, Likasi inabadilika rangi. Majani ya miembe ya Kikula yanakuwa mekundu, nguo nyeupe zilizoanikwa asubuhi zinaanuliwa saa tisa zikiwa za kahawia, na mama anayeuza unga sokoni anafunika beseni lake kwa plastiki hata kama hakuna wingu mbinguni. Mwezi wa saba na wa nane upepo wa kusini-mashariki unazidi, na malori ya madini yanapita mchana na usiku kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Watoto wanarudi nyumbani kope zao zimejaa mavumbi. Watu wamezoea. Ukiwauliza watakujibu: ni kiangazi tu, mvua itaosha.

Jibu hilo limedumu muda mrefu mno. Mavumbi ya Likasi si udongo mtupu. Mji huu, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka wa 1966, ulijengwa kwa ajili ya madini. Viwanda vya Shituru vilianza kutoa shaba kwa njia ya asidi mwaka wa 1929. Panda ilikuwa na matanuru yake. Kambove haiko mbali, wala Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945. Kwa karibu miaka mia moja mawe yamevunjwa, yamesagwa, yamechomwa na kuoshwa kwa asidi, na mabaki yake yamerundikwa si mbali na nyumba za watu. Upepo ukipita juu ya marundo ya namna hiyo hauondoki mikono mitupu: unabeba shaba, kobalti, risasi, arseniki, kadimi, na ule unga mwembamba wa mawe unaoitwa silika.

Waganga wanapima mavumbi kwa ukubwa wa chembe zake. Zile kubwa zinakwama puani na kooni. Mtu anapenga, anakohoa, zinatoka. Za kuogopwa zaidi ni zile ambazo hazifiki mikromita 2,5, yaani nyembamba mara ishirini au zaidi kuliko unywele wa kichwa. Hizo hakuna jicho linaloziona, na pua haizizuii. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia katika damu. Ndiyo sababu ugonjwa wa mavumbi hauishii kwenye kikohozi. Unafika kwenye moyo, unaleta kupooza, unazidisha pumu, na unafanya mama mjamzito azae mtoto mwenye uzito mdogo. OMS inahesabu kwamba uchafu wa hewa, ya nje na ya jikoni pamoja, unaua mapema watu karibu milioni 7 kila mwaka duniani. Mwaka wa 2013 shirika lake la utafiti wa kansa, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliweka mavumbi hayo membamba katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, kundi moja na tumbaku.

Mchimbaji wa mikono anayevunja jiwe kavu bila maji ana shida ya pekee. Silika anayovuta inaacha makovu ndani ya mapafu, na hakuna dawa ya kuyafuta makovu hayo. Tena mapafu yaliyoharibika hivyo yanakamatwa upesi na kifua kikuu. Mtu kama huyo akifika kituo cha afya akapewa sirop ya kikohozi na kurudi shimoni kesho yake, hajatibiwa.

Na haya yote si maneno ya kusikia. Mwaka wa 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mkojo wa watu 351 katika sehemu mbalimbali za kusini-mashariki ya Katanga. Waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na metali nyingi mwilini kuliko wengine. Kwa kobalti, zaidi ya nusu yao walipita mikrogramu 15 kwa kila gramu ya kreatinini, kiasi kinachokaribia kile ambacho Wamarekani walikuwa wakitumia kama kipimo cha tahadhari kwa wafanyakazi wa viwandani. Kwa watoto, walikuwa asilimia 87. Watoto! Hawana kazi ya kiwanda, hawana mshahara wala koti la kazi. Wachunguzi waliandika kwamba hawakujua mahali pengine duniani ambapo wakaaji wa kawaida walikutwa na kobalti nyingi namna hiyo.

Kobalti haipiti puani tu. Uchunguzi uliofuata katika eneo hilo hilo ulionyesha kwamba kwa watu wazima njia kubwa ni chakula: lengalenga na mboga nyingine zilizoota katika udongo mchafu, unga ulioanikwa nje, samaki wa maziwa yaliyopokea maji ya viwanda. Kwa watoto, mavumbi ya ndani ya nyumba yana uzito wake, kwa sababu mtoto anatambaa, anachezea chini, kisha anatia mkono kinywani. Mama anayefagia mara tatu kwa siku anajua vizuri kwamba ufagio mkavu unayahamisha tu. Kitambaa chenye maji kinafaa zaidi, na mboga ioshwe vizuri, lakini ni aibu kumwachia mama mwenye kitambaa vita ambavyo viwanda na serikali havijapigana.

Ukweli mwingine usifichwe. Si kila chembe ya Likasi imetoka mgodini. Mbabula ya makala inayowashwa ndani ya chumba kimoja inatoa moshi wenye chembe zile zile nyembamba. Takataka zinachomwa pembeni ya njia, matofali yanachomwa kwa kuni, na kiangazi kizima moto wa pori unazunguka mji. Kuhusu makala kuna jambo linalouma: bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, linatoa umeme tangu 1930, na waya zinapita juu ya mapaa ya watu wanaopika kwa makala kwa sababu umeme ama haufiki, ama unakatika saa ya kupika. Mwenye kiwanda akisema kwamba mavumbi si yake peke yake, anasema kweli. Basi kila mmoja aonyeshwe sehemu yake.

Ataonyeshwaje bila kipimo? Mkaaji wa Shituru akitaka kujua leo hewa anayovuta ina mikrogramu ngapi katika mita kyubu moja, hana ukuta wala ukurasa wa kusoma namba hiyo. OMS, katika mwongozo wake wa 2021, ilisema wastani wa mwaka usipite 5. Kinshasa imekwisha kupimwa: vyombo vidogo vya bei nafuu vilivyowekwa huko vilionyesha zaidi ya 40 kwa mwaka wa 2019, karibu mara nane au tisa ya kiwango hicho, na kiangazi ndicho kilikuwa kibaya zaidi. Kampala imekwenda mbele. Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mpango wake unaoitwa AirQo, kinatengeneza chenyewe vyombo vinavyovumilia mavumbi, joto na kukatika kwa umeme, na kuviweka juu ya majumba na hata kwenye boda boda. Chombo cha kawaida cha namna hiyo kinagharimu dola mia chache. Katika mji unaopitiwa kila siku na malori ya shaba na kobalti, nani atasema dola hizo zimekosekana?

Tena sheria ipo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, ana wajibu wa kuyatetea, na Serikali inalinda afya ya wananchi. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 ilifuata. Kodi ya madini, ilivyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, iliongeza kifungu cha 285 bis: mwenye hati ya madini anapaswa kulipa madhara ambayo kazi yake imeleta kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa lililothibitishwa juu yake. Ni kifungu kikali. Lakini mkaaji akienda mbele ya hakimu na kikohozi chake, ataulizwa kimetoka wapi. Bila namba za hewa za mwaka mzima, kabla na baada, upande wa upepo na upande wa pili, kifungu hicho kinabaki karatasini, na kampuni inatoka na wakili wake bila jasho.

Hapa kuna mtego ambao viongozi wa kartie na mashirika ya kiraia wanapaswa kuuangalia. Kodi hiyo hiyo inataka kila kampuni itenge angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii: shule, visima, vituo vya afya. Ni fedha nzuri. Lakini kumwagia barabara maji, kufunika malori, kutia vichujio kwenye mabomba ya moshi, si zawadi ya kupewa jamii kutoka katika fungu hilo. Ni deni la kampuni, limeandikwa katika mpango wake wa mazingira, na lilipwe kutoka mfuko wake mwenyewe. Jamii ikikubali kununuliwa turubai za malori kwa fedha za darasa, imelipa mara mbili.

Dawa zenyewe zinajulikana. Turubai lifungwe kabisa, si kutupwa juu kwa ajili ya polisi. Magurudumu yaoshwe kabla lori halijatoka kiwandani. Mwendo upunguzwe ndani ya mji. Maji kwenye barabara za udongo yanasaidia, ila jua la mwezi wa nane linayakausha kwa saa chache, kwa hiyo penye nyumba nyingi ni lami tu. Marundo ya mabaki yanahitaji kufunikwa. Lubumbashi wamejaribu kitu Penga Penga, kartie iliyoko upande ambao upepo ulipeleka moshi wa tanuru la Gécamines tangu 1911 mpaka udongo ukabaki uchi. Wachunguzi wa chuo kikuu walipanda huko nyasi za kienyeji zinazovumilia shaba, pamoja na miti, ili mizizi ishike udongo. Ni kazi ya polepole, ya miaka, lakini udongo ulioshikwa haupeperuki.

Kuhusu fedha za kupima, asilimia 15 ya mrahaba wa madini inapaswa kwenda kwa miji, komuni, sekta na machifu wenye migodi. Sehemu ndogo sana ya fungu hilo ingenunua vyombo vya kutosha. Shule zinafunguliwa mwezi wa tisa, mavumbi yakiwa juu kabisa na mvua ya kwanza bado kunyesha. Chombo kimoja kiwekwe juu ya paa la shule Shituru, kingine Panda, kingine Kikula, na kimoja mbali na barabara kwa kulinganisha. Namba zibandikwe kila asubuhi kwenye ukuta wa ofisi ya meya na kusomwa redioni, kama vile bei ya dola inavyosomwa. Kazi hiyo haihitaji kungoja barua kutoka Kinshasa.