Metali Ina Kwao Mwakitolyo

Taja muziki wa metali kijiweni, kanisani au ndani ya daladala, jibu utakalopewa ni lile lile: hizo ni kelele za Wazungu wanaoabudu shetani. Ongeza kwamba unatamani albamu nzima inayosimulia mwisho wa dunia, utaambiwa unajitafutia mkosi. Imani hii imekaa vichwani mwetu muda mrefu na hakuna anayeihoji. Mimi naipinga yote. Muziki huo una kwao hata huku, na kwao ni Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu ya Shinyanga.

Tuanze na hilo la Uzungu. Metali ilizaliwa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, mikononi mwa watoto wa vibarua. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili. Akajitengenezea ncha za plastiki, akatumia nyuzi laini, na baadaye akazilegeza ili zisimtese. Sauti ikashuka, ikawa nzito. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Mchimbaji gani asiyeielewa habari ya kidole kilichobaki kwenye mashine?

Miaka hiyo hiyo ya 1970, vijana wa Zambia, wakiwemo wa Kitwe kwenye migodi ya shaba, walishika magitaa ya umeme wakaunda Zamrock, roki ya Kizambia. Emmanuel "Jagari" Chanda, mwimbaji wa kundi la WITCH, baadaye aliingia kuchimba vito ili aishi. Kwa majirani zetu wa Nairobi kulizuka kundi la Duma, vijana wawili ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Anayesema Mwafrika hana metali hajasikiliza.

Tena masikio yetu yamekwisha kufundwa. Simama jirani na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, pale Mwakitolyo. Pipa la chuma linazunguka, gololi zinapanda na kuangukia mawe kwa mapigo yake, na injini ya dizeli inayolivuta ina mapigo mengine kabisa. Mara yanakutana, mara yanaachana, na mguu wako haujui ukanyage wapi. Wapigaji wa progresivu, lile tawi la metali lenye nyimbo ndefu na midundo isiyohesabika nne nne, hufanya mazoezi miaka na miaka ili wayapate hayo. Mtoto wa machimboni analala nayo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Sasa hilo la shetani. Mwaka 1972 kundi la Wagiriki, Aphrodite's Child, lilitoa albamu iliyoitwa 666. Jina linatisha, lakini chanzo chake ni Ufunuo wa Yohana, kitabu kinachohubiriwa kwa vipaza sauti hata kwenye kambi za wachimbaji. Upande wa pwani, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inautazama mji wa Pate ulioanguka na kutukumbusha kifo na hukumu. Hakuna aliyeiita kufuru. Iweje mhubiri na mshairi wawe na ruhusa ya kuusimulia mwisho, mpiga gitaa asiwe nayo?

Na Wasukuma wana hadithi yao tayari. Shing'weng'we, dude lililomeza watu wote na mifugo yao, likamwacha mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa, naye alipokua akaliua dude, akalipasua tumbo, watu wakatoka hai. Kwa bahati mbaya kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akataka kumroga, hadi kijana alipomtafutia dawa akampoza.

Hiyo ndiyo albamu ninayoitaka. Ianze na gololi za karasha peke yake, kisha gitaa liingie chini kabisa, ardhi ifungue kinywa. Katikati uwepo wimbo mrefu wa giza, kwa sababu giza hilo tunalijua. Oktoba 2015 kifusi kiliwafukia wachimbaji Nyangalata, Kahama. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mwenzao mmoja alifia chini. Walisimulia kwamba walikula mende na vyura, wakanywa maji yaliyochuruzika mwambani. Wimbo huo usikimbie. Msikilizaji akae mle ndani hadi asikie nyundo za waokoaji kwa mbali. Na wimbo wa mwisho uwe wa yule bibi, kwa sababu kuwatoa watu shimoni hakutoshi. Kuna waliokatwa sikio, kuna wajane, na wanadai dawa.

Nitaambiwa watu wana shida zao, wanataka kucheza. Wacheze. Bongo Fleva ina kazi yake na inaifanya vizuri. Lakini mchimbaji akitajwa kwenye nyimbo zetu, mara nyingi ni yule aliyekwisha kupata, anayemwaga pesa baa. Aliyelaliwa na matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo, haimbwi. Na tusiwadharau wasikilizaji: Usukumani vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, na umati umesimama uwanjani juani kutwa nzima baada ya mavuno, ukipima ngoma na maneno. Watu hao hawashindwi na wimbo wa dakika 20.

Ninaloliogopa ni hasara ya kuamini kwamba huzuni nzito haina muziki wake kwetu. Imani hiyo inawafanya waliofukiwa wabaki habari ya siku mbili redioni, kisha wasahaulike.

Wenye studio wa Kahama na Mwanza, kijana akija na gitaa lenye sauti ya kifusi msimfukuze. Wachungaji na masheikh, msikilizeni kwanza ndipo mhukumu. Na wewe kijana wa Mwakitolyo, usingoje ruhusa ya mtu. Waliofukiwa ni ndugu zako. Wape albamu yao.