Mzazi, Samatta hakuharakishwa

Jioni kwenye chandimu pale Mandawa, wilayani Ruangwa, hakosekani mtoto anayejiita Samatta. Na mzazi naye, hasa tangu Namungo ipande Ligi Kuu mwaka 2019, ameanza kupiga hesabu: wangu lini?

Hesabu yenyewe ni ndefu. Mbwana Samatta, aliyezaliwa mwaka 1992, alianzia African Lyon, akaja Simba, na mwaka 2011 akavuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Huko alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatajwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya bara. Ikafuata Genk, na ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019. Bao lake la kwanza Ligi Kuu England, akiwa Aston Villa, alilifunga Februari 2020. Alikuwa na miaka 27!

Sasa yule wako wa miaka 12 anayelalamika goti linauma, chini kidogo ya pia ya goti, mara nyingi huambiwa anadeka. Hadeki. Katika umri huo mifupa hurefuka haraka, na msuli wa paja huvuta pale unaposhikia kwenye mfupa wa mguu. Mpunguzie kukimbia na kuruka hadi maumivu yatulie, mkande kwa kitambaa cha maji baridi. Kumchua kwa nguvu ili awahi mechi ya Jumamosi ni kumwongezea maumivu. Akichechemea, goti likivimba, akipata homa au maumivu yakimwamsha usiku, mpeleke kituo cha afya hata kama mechi ni kesho.