Tashkota: Elimu ya Sauti Ndani ya Sanduku la Mbao

Katika taarabu ya Mombasa imesikika kwa miongo mingi ala ya Kijapani iitwayo tashkota. Iliundwa Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita, aliyeziwekea nyuzi vitufe mfano wa vile vya taipureta. Wapo waionao kuwa kichezeo tu. Hayo ni makosa, kwani kila sehemu yake ina kanuni ya sayansi.

Kitufe kinapobonyezwa, huukandamiza uzi wa chuma. Urefu unaotetemeka hupungua, na sauti hupanda. Uzi ukifupishwa hadi nusu bila kubadili mkazo, mitetemo yake kwa sekunde huwa maradufu. Hata hivyo, uzi peke yake hausikiki mbali. Hutikisa ubao wa sanduku, nao ubao, kwa upana wake, husukuma hewa nyingi. Ndiyo maana fundi wa ala za nyuzi huchagua ubao mwembamba, mkavu na mwepesi.

Huko Ubaruku, katika nyanda za mpunga za Usangu, mwalimu asiye na vifaa vya maabara aweza kupata ubao, waya, jiwe la kuuvuta waya huo na kijiti cha kusogeza chini yake. Mwanafunzi apime urefu, asikilize, kisha aandike. Huenda chombo chake kisiwe na sauti tamu, lakini atakuwa ameithibitisha kanuni kwa mikono yake badala ya kuikariri. Morita hakuitenga elimu ya sauti na useremala. Yafaa shule za sekondari nazo zisiitenge maabara na karakana.