Usiilaumu Printa Kabla ya Kuuangalia Waya

Kama uliwahi kusimama ndani ya saiba huku fomu ya basari ya mwanao ikingojewa ofisini kabla ya saa kumi na moja jioni, wajua moyo unavyodunda mashine inapokataa kazi. Hayo niliyaona kwa macho yangu mjini Kimilili. Mvua ilikuwa imeshuka kutoka upande wa Mlima Elgon, stima ikapotea, kisha ikarudi. Mama mmoja akataka fomu yake itolewe kwenye kompyuta. Kijana wa saiba akabonyeza mara sita, wapi!

"Mama, printa imekufa. Labda ujaribu Bungoma."

Bungoma! Na saa zilikuwa zimeshafika kumi kasoro.

Printa haikuwa imekufa hata kidogo, taa yake iliwaka vizuri. Tatizo ni kwamba iliunganishwa bila waya, kupitia ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti. Ruta hukipa kila kifaa anwani yake ya tarakimu. Stima ikipotea na kurudi, printa yaweza kupewa anwani nyingine, nayo kompyuta ikabaki ikibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta, uihifadhie printa anwani moja ya kudumu, kisha uiongeze upya katika kompyuta kwa anwani hiyo.

Lakini ikiwa una kompyuta moja na printa moja juu ya meza moja, mambo ya hewani ya nini? Tumia waya wa USB, wenye ncha moja bapa na nyingine ya mraba. Usizidi mita 5, maana ukirefuka kupita hapo ujumbe hupotea njiani. Soma kijitabu kwanza, kwa kuwa printa nyingi hutaka programu yake iwekwe kabla ya kuchomeka waya. Ukishachagua tundu, lishikilie hilo hilo. Ukihamia tundu jingine, Windows yaweza kudhani umeleta printa mpya. Utakuta majina mawili, na kazi yako utaituma kwa lile lisilo na mtu! Waliotumia kompyuta kabla ya USB kutokea mwaka wa 1996 watakumbuka waya mnene wa pini 25 uliokazwa kwa skrubu. Ulikuwa mzito, lakini haukuchomoka ovyo.

Wengine hulalamika kwamba mashine yachapisha lakini haiskani. Mara nyingi kompyuta imejiwekea programu ya kuchapisha tu. Itafute programu kamili kwenye tovuti ya kampuni iliyounda mashine hiyo.

Tena, tafadhali, usibonyeze mara kumi. Kila ubonyezapo, kazi nyingine hupanga foleni, na printa ikizinduka itakumalizia karatasi na wino. Ifute foleni kwanza.

Ndivyo tulivyofanya siku ile. Kijana akafuta zile kazi sita, akaitafuta anwani mpya kwenye kioo cha printa, akaiingiza katika kompyuta. Karatasi ya kwanza ikatoka saa kumi na dakika ishirini. Mama akaitia ndani ya bahasha, akaificha chini ya leso, akatoka mbio kwenye matope.